Usimamizi wa Sheria za Kazi kutoka Ndani ya Kiwanda: Mwongozo kwa Wawakilishi wa Wafanyakazi Tanzania Bara

Kusimamia utekelezaji wa sheria za kazi maana yake ni kuhakikisha kwamba masharti yaliyoandikwa kuhusu saa za kazi, malipo, likizo na usalama yanafuatwa kiwandani, hotelini, shambani na dukani, na kwamba anayeyakiuka anawajibishwa. Katika Tanzania Bara kazi hiyo amekabidhiwa Kamishna wa Kazi pamoja na maafisa kazi walio chini yake, ambao Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004 inawapa mamlaka ya kuingia mahali pa kazi bila hati wala taarifa ya awali, kuhoji watu, na kukagua na kunakili nyaraka. Hata hivyo, afisa kazi ni mgeni. Hufika siku moja, hukuta sakafu imepigwa deki na daftari la mahudhurio limejazwa vizuri, kisha huondoka, na kwa kuwa anahudumia eneo pana huenda asionekane tena kwa muda mrefu. Shirika la Kazi Duniani limewahi kuweka kigezo cha mkaguzi 1 kwa kila wafanyakazi 40,000 katika nchi zenye uchumi mdogo, na yeyote anayefahamu wingi wa viwanda, magereji, maghala na nyumba za wageni katika jiji la Dar es Salaam peke yake ataona kwamba, hata kigezo hicho kikifikiwa, sehemu nyingi za kazi zitabaki bila kukaguliwa.

Anayejua kinachotendeka kila siku ni mfanyakazi mwenyewe, na sheria imelitambua jambo hilo kwa uwazi zaidi ya wengi wanavyodhani. Kifungu cha 62 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, kama ilivyotungwa, kinawapa wawakilishi wa chama cha wafanyakazi mahali pa kazi majukumu kadhaa, na mojawapo ni kufuatilia kama mwajiri anazifuata sheria za kazi. Majukumu mengine ni kuwawakilisha wanachama katika vikao vya nidhamu na vya malalamiko, kutoa hoja kuhusu afya, usalama na ustawi, na kukiwakilisha chama pale wakaguzi wanapofanya uchunguzi chini ya sheria yoyote. Kwa maneno mengine, mwakilishi wa tawi amepewa sehemu ya kazi ya ukaguzi. Inasikitisha kwamba katika matawi mengi kazi hiyo haifanyiki kabisa: viongozi wa tawi wanajulikana kwa kukusanya rambirambi na kugawa fulana na kofia za Mei Mosi, mambo ambayo ni mema, lakini hayakuwa sababu ya Bunge kuwapa muda wenye malipo wa kutimiza majukumu yao na haki ya kuona taarifa za mwajiri.

Mwongozo huu unahusu namna ya kuitumia sehemu hiyo iliyosahaulika. Sheria zinazotajwa ni za Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake za kazi za mwaka 2005, na kwa kuwa sheria za Bara zimerekebishwa mara kadhaa tangu zitungwe, mwakilishi anapaswa kuwa na nakala ya toleo la karibuni kabla ya kutaja namba ya kifungu mbele ya mwajiri.

Kupata mamlaka

Mamlaka ya mwakilishi hayatokani na ujasiri wake wala na kupendwa na wenzake. Yanatokana na chama kilichosajiliwa chenye wanachama katika sehemu hiyo ya kazi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni uanachama. Sheria inamruhusu mwakilishi aliyeidhinishwa wa chama kilichosajiliwa kuingia katika eneo la mwajiri ili kuandikisha wanachama, kuzungumza nao na kufanya mikutano, kwa masharti ya kuridhisha yanayolinda watu, mali na uendeshaji wa kazi, na panapokuwa na wanachama 10 au zaidi chama kinaweza kufungua tawi mahali hapo. Idadi ya wawakilishi hupangwa kulingana na idadi ya wanachama: mwakilishi 1 kwa wanachama 1 hadi 9, wawakilishi 3 kwa wanachama 10 hadi 20, wawakilishi 10 kwa wanachama 21 hadi 100, na 15 pale wanachama wanapozidi 100, ambapo wasiopungua 5 wanapaswa kuwawakilisha wanawake kama wapo.

Haki hizi hazijitekelezi zenyewe. Chama humpelekea mwajiri taarifa kwa fomu maalumu kwamba kinakusudia kuzitumia, na mwajiri anatakiwa kukutana na chama ndani ya siku 30 ili wakubaliane kwa maandishi namna zitakavyotumika. Asipokutana nacho, au wasipoelewana, suala hilo hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ndicho chombo cha kwanza cha kutatua migogoro ya kazi. Tawi linaloruka hatua hii hujikuta linadai nyaraka kwa mtu ambaye bado hajawajibika kisheria kuzitoa, na barua zake huishia kwenye droo ya meneja rasilimali watu.

Katika kuchagua wawakilishi kuna jambo moja ambalo hupuuzwa na baadaye huleta majuto. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Kijana mwenye maneno makali aliyeajiriwa mwezi uliopita anaweza kuwa mwanachama bora, lakini si wa kusimamishwa mbele na kutia saini barua ya madai.

Mipaka ya mamlaka hayo

Upana wa uwezo anaopewa mfanyakazi hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine. Mwaka 2004, mwaka uleule zilipotungwa sheria za kazi za Tanzania, jimbo la California nchini Marekani lilianza kutumia sheria inayomruhusu mfanyakazi, baada ya kuitaarifu wakala wa serikali unaoshughulikia kazi, kufungua shauri kwa niaba ya jimbo na kumdai mwajiri faini ambazo kwa kawaida zingedaiwa na serikali yenyewe. Awali wafanyakazi walipata asilimia 25 ya faini hizo na jimbo asilimia 75, na marekebisho ya mwaka 2024 yaliongeza fungu la wafanyakazi hadi asilimia 35. Nchini Sweden, mwakilishi wa usalama anaweza kusimamisha kazi inayohatarisha maisha hadi mkaguzi wa serikali atakapotoa uamuzi.

Mwakilishi wa Tanzania hana uwezo wa kudai faini za serikali, na uamuzi wa kumshtaki mwajiri jinai haumo mikononi mwake. Alichopewa ni haki ya kutazama, kuuliza, kupewa taarifa na kuwakilisha. Haki hizo zinaweza kuonekana ndogo, lakini mwenye kuzitumia kwa utaratibu humfanya afisa kazi afike akiwa tayari na kesi iliyoandaliwa, badala ya kufika kutafuta kosa.

Kuandaa ushahidi

Kosa linalojirudia zaidi katika viwanda na katika kampuni za ulinzi ni lile la saa za kazi, nalo linafaa kuonyeshwa kwa hesabu. Sheria inaweka kikomo cha kawaida cha siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Saa zinazozidi hapo ni saa za ziada, ambazo wengi huziita ovataimu; hufanyika kwa makubaliano, hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, na haziruhusiwi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki 4.

Tuchukulie mfano wa mfanyakazi anayelipwa mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi, anayeingia getini saa 1 asubuhi na kutoka saa 12 jioni, akiwa na saa moja ya chakula, siku 6 kwa wiki. Anafanya kazi saa 10 kwa siku, yaani saa 60 kwa wiki, na kati ya hizo 15 ni za ziada. Jedwali la sheria linaelekeza kwamba mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 ili kupata wa wiki, na wa wiki hugawanywa kwa saa za kawaida za wiki ili kupata wa saa. Hapa 390,000 ikigawanywa kwa 4.333 na kisha kwa 45 inatoa takriban shilingi 2,000 kwa saa, hivyo saa ya ziada ni shilingi 3,000. Kwa wiki 4 saa za ziada ni 60 na malipo yake ni shilingi 180,000. Daftari moja la getini limeonyesha makosa mawili kwa pamoja: kama fedha hizo hazikulipwa kuna deni, na hata kama zililipwa zote, kikomo cha saa 50 kimevukwa. Kwa wafanyakazi 40 wa zamu hiyo deni la mzunguko mmoja linafikia shilingi 7,200,000, kiasi ambacho mwajiri hawezi kukiita usahaulifu wa karani.

Kabla ya kulalamika, mwakilishi anapaswa kuuliza kama kuna makubaliano yanayobadilisha hesabu hiyo. Mfanyakazi anaweza kukubali kwa maandishi kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, zikiwemo za mapumziko ya chakula, bila malipo ya ziada, ilimradi siku zisizidi 5 kwa wiki na saa za kawaida zisizidi 45; vilevile mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri, unaweza kuweka utaratibu wa wastani wa saa kwa kipindi kirefu. Aidha, masharti haya ya saa hayawahusu wafanyakazi wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Dai lililokosewa mara moja humpa mwajiri sababu ya kudharau madai kumi yaliyo sahihi.

Ushahidi wenyewe unahitaji nidhamu ya karani zaidi ya ufasaha wa msemaji. Daftari la tawi liwe na tarehe, jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka na saini ya mhusika, na lijazwe siku ileile, kwa sababu daftari lililoandikwa mfululizo kwa kalamu moja usiku wa kuamkia kikao hutambulika kwa kutazamwa tu. Ratiba ya zamu inayobandikwa ukutani inakiliwe kila inapobadilishwa. Wanachama watunze hati zao za malipo, ambazo mwajiri anawajibika kuzitoa zikionyesha makato, na kila mmoja alinganishe kiasi kilichokatwa kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) na taarifa ya michango anayoipata kutoka kwenye Mfuko. Mchango huo ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kukata fedha bila kuziwasilisha ni kosa ambalo halionekani kwenye hati ya mshahara, linaonekana kwenye taarifa ya Mfuko pekee.

Nyaraka zilizo mikononi mwa mwajiri zisinyakuliwe kwa siri, kwani jambo hilo huweza kugeuzwa shtaka la nidhamu na mazungumzo yakahama kutoka kwenye mishahara hadi kwenye wizi wa faili. Sheria inamtaka mwajiri awape wawakilishi taarifa zinazohusiana na majukumu yao, isipokuwa zile zilizokatazwa kisheria, za siri ambazo kuzitoa kunaweza kuleta madhara makubwa, au za faragha za mfanyakazi ambaye hakuridhia. Sababu hiyo ya mwisho ndiyo hutumiwa sana kukataa orodha ya mishahara, na dawa yake ni rahisi: barua ya tawi iambatanishwe na karatasi ambayo kila mwanachama ameridhia kwa saini yake kwamba taarifa za malipo yake zitolewe kwa mwakilishi. Mfanyakazi asiye na mkataba wa maandishi naye asikatishwe tamaa, kwa kuwa mwajiri anayeshindwa kuonyesha mkataba au maelezo ya maandishi ya ajira katika shauri ndiye hubeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa.

Kundi linaloachwa nje mara nyingi ni la wale wanaoitwa vibarua, ambao mwajiri hudai kwamba si wafanyakazi wake. Sheria ya Taasisi za Kazi inaweka dhana kwamba mtu ni mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa moja tu kati ya dalili zilizotajwa ipo, kwa mfano kwamba saa zake za kazi zinaamuliwa na mtu mwingine, kwamba anapewa vitendea kazi na mtu huyo, au kwamba amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Kibarua anayepakia saruji katika ghala lilelile kila siku hufikisha saa hizo kabla wiki ya kwanza ya mwezi haijaisha.

Kuhusu usalama, njia ni nyingine kidogo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inaweka wawakilishi wa usalama na afya pamoja na kamati zao, na wakaguzi wake ni wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), si maafisa kazi. Tawi makini huhakikisha kwamba angalau mmoja wa wawakilishi hao ni mwanachama anayefanya kazi kwenye mashine zenyewe, si ofisa wa utawala aliyepangiwa jina.

Kutoka kwenye daftari hadi kwenye uamuzi

Madai yaanzie kwa mwajiri, kwa barua inayotaja kifungu, kipindi, idadi ya wahusika na kiasi, ikipokelewa kwa mhuri au saini kwenye nakala. Kikao kikifanyika, muhtasari uandikwe na utiwe saini siku hiyohiyo. Wakati huo wote mwakilishi anapaswa kuhesabu siku, kwa sababu mgogoro wowote usiohusu kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa kwenye Tume ndani ya siku 60 tangu ulipotokea, na ule wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Waajiri wazoefu wanalijua hili vizuri. Ahadi za "subirini mkurugenzi arudi safari" zimewamaliza wadai wengi kuliko mawakili. Kuomba kuongezewa muda kunawezekana, lakini ni ombi linalohitaji sababu za msingi na halina hakika.

Kuna milango miwili, na kila mmoja una faida yake. Afisa kazi akiridhika kwamba sheria imekiukwa anaweza kutoa amri tekelezi, yaani hati inayomtaka mwajiri arekebishe kosa kwa muda uliowekwa, ambayo mwajiri anaweza kuipinga kwa Kamishna wa Kazi na baadaye Mahakama ya Kazi. Njia hii inafaa pale kosa linapowagusa wengi na linapoonekana wazi kwenye nyaraka, kama ule mfano wa saa za ziada. Njia ya Tume inafaa zaidi pale kunapokuwa na ubishi wa ukweli au wa tafsiri ya mkataba: kwanza ni usuluhishi, ambao kwa kawaida una siku 30, na ukishindikana shauri huenda kwenye uamuzi au, kwa baadhi ya migogoro, Mahakama ya Kazi. Mwakilishi asidhani kwamba kumwandikia afisa kazi kunasimamisha siku za Tume. Ni salama zaidi kuchukulia kwamba zinaendelea kuhesabika.

Shauri la watu wengi lina mtego wake. Kanuni zinaruhusu mfanyakazi mmoja kutia saini fomu kwa niaba ya wenzake, lakini orodha inayosomeka ya wote waliomtuma, yenye saini zao, lazima iambatanishwe. Fomu iliyoandikwa "fulani na wenzake 39" bila orodha hiyo inaweza kutupwa nje kabla dai halijasikilizwa, na siku 60 zikawa zimekwisha.

Mgomo si silaha ya aina hii ya mgogoro. Sheria hutofautisha mgogoro wa maslahi, kwa mfano kudai nyongeza ya mshahara, na lalamiko, ambalo ni mgogoro kuhusu haki iliyokwisha kuwekwa na sheria au mkataba. La kwanza linaweza kufikia mgomo kwa kufuata taratibu, la pili haliwezi. Wanaoweka chini vifaa kwa sababu ya ovataimu isiyolipwa wana haki katika dai na makosa katika njia. Kwa watumishi wa umma, kuanzia marekebisho ya mwaka 2016, taratibu za ndani chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma sharti zimalizwe kabla ya kwenda kwingine.

Hofu ya kulipiziwa kisasi ina msingi na haifai kubezwa. Sheria inasema kwamba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi kuwa ni mwanachama wa chama, ameshiriki shughuli halali za chama, ametoa taarifa anayostahili au anayopaswa kuitoa, au amekataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana ruhusa ya kisheria kulitaka. Ulinzi huu, hata hivyo, hufanya kazi baada ya tukio, hivyo kinga ya kweli ni wingi: barua itiwe saini na wawakilishi wote, taarifa kwa afisa kazi ipitie ofisi ya chama ya mkoa au kanda, na jina la mlalamikaji mmoja lisibaki peke yake kwenye karatasi.

Pale mwajiri anapokubali kulipa, tawi lisiridhike na fedha pekee. Makubaliano yaandikwe kama sehemu ya mkataba wa hali bora, ambao ukishatiwa saini huzibana pande zote na nakala yake huwasilishwa kwa Kamishna wa Kazi, na ndani yake kiwekwe kipengele kinachotaka tawi lipewe kila mwezi muhtasari wa saa za ziada kwa kila idara, orodha ya walioajiriwa na walioondoka, na uthibitisho wa kuwasilishwa kwa michango ya NSSF. Kipengele hicho kitaje pia nani anapokea nakala, tarehe gani, na nani anashika daftari la tawi pale mwakilishi wa sasa anapohamishwa au kustaafu.